Karabai Ndani ya Nyumba ya Risasi

Juzi, kwenye msiba huko Mlandizi, mzee mmoja wa upande wa marehemu mume wangu aliniuliza mbele ya watu, "Shemeji, nasikia umestaafu. Hivi mle pangoni mlikuwa mnatafuta nini miaka yote ile?"

Nikamweleza.

"Mkakipata?"

"Hatukukipata."

Akawageukia wenzake. "Jamani, na mimi nitafutieni kazi kama hiyo."

Watu wakacheka, na mimi nikatabasamu, maana msibani mtu akipata cha kuchekea asinyimwe. Lakini njia nzima ya kurudi Kibaha nilikuwa namjibu moyoni. Majibu yenyewe ndiyo haya. Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye kituo chetu cha utafiti, hasa mlioingia mwaka huu, kwa sababu nanyi mtaulizwa hivyo hivyo. Wengine mtaona haya. Mimi sioni.

Naitwa Tatu. Shule yangu iliishia darasa la saba. Sikuajiriwa kituoni kwa utaalamu, niliajiriwa kufagia. Siku ya kwanza nilipelekwa Kisarawe, kwenye lile pango la machimbo ya zamani ya udongo mweupe, nikapewa ndoo. Nikafanya kama nilivyofundishwa na mama: nikanyunyiza maji chini, nikashika ufagio wa chelewa, nikaanza. Sijamaliza hatua tano nikasikia mtu ananguruma.

"Wewe! Nani kakuambia ufagie?"

"Nimeajiriwa kufagia."

"Hapa hatufagii. Hapa tunapangusa. Vumbi likiruka leo, mimi nalihesabu mpaka mwezi ujao."

Huyo ndiye Fundi Pazi, mwenyeji wa Kisarawe. Alikuwa fundi wa mafriji kabla ya kuchukuliwa kituoni. Baadaye alikuja kunioa, lakini siku ile nilimchukia vizuri sana.

Ilichukua wiki mbili kabla sijathubutu kumuuliza tunatafuta nini. Alinijibu akiwa anakula pilau, na sijapata kusikia maelezo bora kuliko yale, hata kutoka kwa wasomi. Alisema: ndani ya vitu vyote kuna viini vidogo visivyoonekana. Vingine havitulii, hubadilika. Kuna aina moja ya kubadilika ambayo ni adimu mno, nayo ni kama ndoa. Wanatoka bwana na bibi harusi, yaani chembe mbili za umeme, na wanatoka mashahidi wawili, wanaoitwa nyutrino. "Mashahidi huwaoni," alisema. "Wanapita hata kwenye ukuta. Lakini unajua walikuwepo, kwa sababu sinia la pilau limepungua. Wamekula nguvu kidogo wakaondoka nayo."

"Sasa tunatafuta nini?"

"Tunatafuta ndoa ambayo sinia limebaki zima. Isiyo na mashahidi kabisa."

"Sheikh atasema hiyo ndoa haikufungwa."

"Ndiyo maana wanataka kuiona. Ikitokea hata mara moja, vitabu vingi vitaandikwa upya. Wanasema itasaidia kueleza kwa nini dunia ina vitu badala ya kuwa tupu."

Kisha akaniambia nioshe mikono mara mbili, maana nilikuwa nimeshika chumvi.

Mtambo wetu mnaujua. Katikati kuna jiwe la gerimani, aina ya madini, dogo, linatosha kwenye kiganja. Ni mali ya wenzetu wa ng'ambo. Jiwe hilo ndilo sikio letu la kusikia ndoa zile, na haliwezi kusikia kitu likiwa na joto, hivyo hukaa kwenye baridi ambayo friji ya nyumbani ni kama jiko mbele yake. Baridi hiyo inatokana na naitrojeni ya maji, tuliyoileta kwa mitungi kila Jumanne na Jumamosi, Idd iwepo isiwepo. Mvua za masika ziliwahi kutukwamisha njia ya Kiluvya, tukamaliza kipande kilichobaki kwa mkokoteni wa muuza maji. Mwenyewe alitazama moshi mweupe unaofuka mtungini akauliza kama tumebeba jini. Pazi akamwambia ndiyo, ila ni jini la serikali.

Ya mikono niliyofundishwa nayaandika, maana siku hizi mnategemea skrini. Glavu za naitrojeni ziwe kubwa kuliko mkono, ili ikiingia ndani uzitupe kwa mkupuo mmoja. Kimo cha mtungi pima kwa kijiti kikavu cha mbao: kizamishe, kitoe, kipungie hewani, na pale barafu nyeupe inapoanzia ndipo maji yalipoishia. Skrini ilishawahi kunidanganya. Kijiti hakijawahi. Na kile kifaa cha kupima hewa mnachovaa kifuani si pambo. Naitrojeni ikijaa pangoni hainuki wala haikohozi mtu. Unalala tu.

Kuzunguka jiwe kuna nyumba ya matofali ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, na hiyo ndiyo ilikuwa maisha ya Pazi. Risasi mpya haifai, maana nayo ina mtetemo wake wa ndani unaochukua miaka mingi kutulia. Inatakiwa risasi ya kale. Alizunguka Pwani yote akiuliza mabomba na nyaya za enzi za Mjerumani, zile zilizovikwa risasi. Aliyachimbua, akayachubua, akayayeyusha kwenye chungu kimoja ambacho hakuruhusu mtu mwingine akiguse, akamimina matofali. Kila tofali alilipiga nambari kwa mkono. Alikuwa anasema tofali likishapoa unaweza kulisikia kama limekubali. Mimi sikuwahi kusikia kitu, ila sikumwambia.

Kazi yangu ilipanda ikawa kutunza daftari. Sitasema vyeo. Daftari ni lile la kijani, na sheria yake moja: kila kinachoingia na kila kinachotoka kinaandikwa, hata nzi. Pazi alinikaririsha maadui wa jiwe kama mtoto anavyokariri alifu na be: majivu, ndizi, chumvi, jasho, mavi ya popo, saa za zamani zinazong'aa gizani, na kile kisoksi cha kitambaa kinachowaka cheupe ndani ya karabai, taa ya mafuta ya kupampu. Kisoksi hicho, kile cha zamani, kimelowekwa thoriamu, madini yenye mionzi, na thoriamu mbele ya jiwe letu ni kama ngoma ya unyago mbele ya mtu anayejaribu kusikia saa inavyogonga. Wanaoingia ndani wasipake mafuta, manukato wala hina, wasivae dhahabu. Simu zinaachwa mlangoni kwa mlinzi.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wengi wenu mmelisikia vibaya.

Mwaka wa mwisho wa Pazi mikono yake ilianza kutetemeka. Alikuwa anaumwa figo, akificha. Matofali matatu ya safu ya ndani yalikuwa yameonyesha ufa, akamimina mengine matatu, na asubuhi moja tukafungua nyumba ya risasi ili tuyabadilishe. Tukiwa tumeshapachika la pili, umeme ukakatika. Jenereta halikuwaka. Taa ya kichwani mwangu ikafifia ikazima, maana sikuwa nimeichaji, na hilo nalo lilikuwa jukumu langu.

Nikamsikia Pazi anaanguka.

Nilidhani ni naitrojeni. Nilimwita, hakujibu. Nikapapasa ukuta mpaka mlangoni. Mlinzi alikuwa amekwenda kulitazama jenereta, na kibandani kwake palikuwa na karabai yake, aliyokuwa akiiazimisha kwenye maulidi. Ilikuwa na mafuta. Nikaiwasha, nikaingia nayo. Simu zilikuwa pale pale mezani, zina tochi. Sikuziona. Mtu akiogopa mkono wake unakwenda kwenye kitu anachokijua tangu utotoni.

Nilimkuta Pazi amekaa, anashika kichwa, anasema "si kitu, si kitu." Nikaiweka karabai chini kwa pupa, kisoksi kikakatika kikaanguka unga. Nikapangusa. Umeme ukarudi, tukapachika tofali la tatu, tukafunga, nikampeleka hospitali. Kwenye daftari niliandika: *Umeme ulikatika. Matofali matatu yamebadilishwa. Fundi hajisikii vizuri.*

Karabai sikuiandika. Siku ile nilisahau. Siku ya pili nilikumbuka, nikaona aibu, kwa sababu aliyenifundisha kuhusu kisoksi alikuwa amelala kitandani kwangu. Hapo sina udhuru.

Wiki chache baadaye chati ya mtambo ilianza kuonyesha mstari wa thoriamu, alama ya uchafu. Habari ikamfikia Pazi kitandani, nyumbani kwetu Sofu. Akaniuliza, "Tatu, ni yale matofali ya mwisho, eeh? Mikono yangu imeharibu." Nikamwambia asijisumbue. Nilisema moyoni kwamba nitamweleza akipata nafuu. Hakupata nafuu. Mume wangu alikufa akidhani tofali lake ndilo lililochafua.

Nikakaa eda.

Mwezi wa pili wa eda, asubuhi, nikasikia hodi. Alikuwa ni mkuu wetu wa wakati ule, mnayemjua kwa jina la Dokta, kijana msomi, mpole, na sitamsema vibaya. Wifi yangu Mwanahamisi, dada yake Pazi, aliyekuwa akikaa nami, akamzuia barazani.

"Mwenyewe yuko eda. Utasema na mimi."

"Najua, mama. Nitakaa hapa hapa." Akapaza sauti kupitia pazia. "Shikamoo, Bi Tatu. Pole sana."

"Marahaba, baba. Nimeshapoa."

"Kuna ripoti inakwenda ng'ambo. Inahitaji saini yako tu, kama mtunza daftari."

Wifi akanipitishia karatasi. Ilisema chanzo cha uchafu ni matofali matatu yaliyomiminwa na marehemu Fundi Pazi wakati afya yake imezorota. Ilipendekeza matofali yake yote yaondolewe, na vipimo vyote vilivyofanyika ndani ya nyumba ile ya risasi, tangu mwanzo, vihesabiwe kuwa na shaka.

"Tangu mwanzo?" nikauliza.

"Tangu mwanzo, mama. Kama chungu chake kilikuwa kichafu, nani ajuaye kilianza lini?"

Miaka yote ile. Jumanne na Jumamosi zote zile.

"Sisaini."

"Bi Tatu, marehemu hadhuriki na karatasi."

"Karatasi gani?" Wifi akadakia. "Inasemaje?"

Nikawaambia wote wawili, kupitia pazia, habari ya karabai. Nilisema mpaka mwisho, pamoja na yale niliyomficha Pazi.

Dokta akashusha sauti. "Mama, hayo usiyarudie kwa mtu. Kuingiza moto pangoni ni kosa la kufukuzwa, na wewe umebakiza miaka minne. Na wenzetu wakisikia tunawasha karabai mle ndani watalichukua jiwe lao."

"Wakisikia matofali ni mabovu hawatalichukua?"

"Tofali ni bahati mbaya. Karabai ni uzembe."

"Basi andika uzembe."

"Kwa hiyo," wifi akasema polepole, "mlitaka kumsingizia kaka yangu akiwa maiti?"

"Mama, mimi sikujua."

"Si umejua sasa?"

Kisha akanigeukia mimi. Nilitegemea anipige, na angekuwa na haki. Akasema, "Na wewe ulimwacha afe hivyo."

"Nilimwacha."

Nikasimama, nikamwambia Dokta aniletee gari, nakwenda Kisarawe kuonyesha mahali penyewe. Wifi akaruka. "Kwenda wapi? Eda haijafika hata nusu!"

"Kwa haja, mchana, mwanamke wa eda hutoka. Jua halitazama sijarudi."

"Watu wa Sofu watasema."

"Wamesema tangu nilipoanza kuvaa suruali ya kazi."

Akafikiri. "Basi nami nakwenda. Nikakione hicho kidubwana kilichomponza kaka yangu."

Pale mlangoni pa pango msichana mmoja wa zamu alianza kunisomea kanuni kama kawaida: manukato, mafuta, hina, dhahabu. Akasita katikati. Mwanamke wa eda hapaki, hafukizi udi, havai pambo. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuingia mle nikiwa msafi kama siku ile. Wifi alivuliwa bangili tatu na kunawishwa mara nne, akilalamika kila mara.

Niliwaonyesha ufa wa sakafu nilipoweka karabai. Tukapangusa kwa vitambaa vipya, kila hatua kitambaa chake na mfuko wake na namba yake. Tukatoa yale matofali matatu, tukayaosha. Vyote tukavipeleka kwenye mashine ndogo ya kupimia iliyoko ofisini Kibaha. Vitambaa viliingia saa saba mchana. Kabla ya alasiri mstari wa thoriamu ulikuwa umesimama kwenye skrini kama mlingoti. Tukapima na visoksi vilivyobaki kwenye pakiti ya mlinzi: mstari ule ule.

Matofali yalichukua wiki tatu, kwa sababu kuhakikisha kimya ni kazi ndefu kuliko kuhakikisha kelele. Nilikuwa nakwenda asubuhi na kurudi kabla ya magharibi, siku ambazo ilibidi, na Sofu walisema waliyosema. Wiki ya tatu Dokta alinipigia simu mwenyewe. Matofali ya mwisho ya Pazi, yaliyomiminwa na mikono inayotetemeka, yalikuwa matulivu sawa na yale ya kwanza. Moja, la nambari arobaini na moja, lilikuwa tulivu kuliko yote aliyowahi kutengeneza.

Nilimwambia wifi. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Angefurahi mno. Angeringa mpaka atuchoshe."

Ripoti ikaandikwa upya, na hiyo nilisaini. Nikapewa barua ya onyo, imo kwenye faili langu mpaka leo, na nilistahili. Jiwe halikuchukuliwa. Wenzetu wa ng'ambo waliviondoa vipimo vya miezi ile michache tu tangu siku ya karabai, na miaka yote ya nyuma ikabaki hai. Waliuliza pia karabai ni nini. Ilibidi tuwachoree. Na ile kanuni iliyobandikwa mlangoni, *Karabai ni marufuku*, mnayoipigia picha na kuichekea, ni mimi.

Baada ya usafi mstari ulizama, na kwa miaka minne iliyobaki chati ilikuwa kimya mpaka siku naaga. Sinia zima hatukuliona hata mara moja. Nimwambie yule mzee wa Mlandizi na wenzake: aliyepekua chumba kizima, akanyanyua kila mkeka, akasema funguo hazimo humu, huyo amefanya kazi, na anayekuja nyuma yake hana haja ya kupekua tena. Lakini neno lake lina thamani ikiwa tu hakuruka kona. Sisi tuliruka kona moja, na nimewaonyesha ni ipi. Nyingine zote tulinyanyua mkeka. Kutokuona kwetu ni kwa kweli, na sitakubali mtu aseme kulikuwa kwa bure.

Siku ya kuniaga mshereheshaji alitaka kuruka habari ya barua ya onyo. Nikamwomba aisome. Akaisoma, soda zikaendelea.

Yaliyobaki ni machache. Daftari la kijani liko kabati la pili. Kwenye ukurasa wa siku ile, chini ya maneno yangu ya zamani, nimeongeza kwa wino mwingine, na tarehe niliyoongezea: *Siku hii niliingiza karabai. Kisoksi kilivunjika ndani. Fundi hakujua. Tatu.* Asipatikane mtu wa kunionea huruma akapaka wino mweupe.

Tofali arobaini na moja liko safu ya ndani, upande wa kushoto unapoingia. Mtakapofungua nyumba ya risasi mtaliona, nambari yake imepinda kidogo. Mkilishika, vaeni glavu. Na mkimaliza, lirudisheni mahali pake.